Bomba Linalong'aa

Gari lilipoingia uani Marsela alikuwa akichekecha ngano ya mbegu, na hakuinuka. Alilitazama mara moja, ikatosha. Lilikuwa jekundu, dogo, la watu wawili, halina paa. Nyuma ya viti palikuwa na turubai lililokunjwa ambalo panya wa Oldeani, lilikonunuliwa, walikuwa wameshalila nusu. Ndani ya gari alikaa mumewe Sylvesta, nyusi na masharubu yamejaa vumbi hata akafanana na kitu kilichofinyangwa kwa udongo, naye alikuwa akitabasamu.

"Mama Inosenti," alisema, "njoo uone."

"Naona."

Na kweli alikuwa anaona. Alimwona mtu mzima mwenye matrekta na mashine ya kuvunia, mtu ambaye wakulima wa kuanzia Karatu hadi Endamarariek walimwinukia kwenye mikutano, amenunua kwa mzungu aliyekuwa anafunga shamba lake la kahawa kitu ambacho mzungu mwenyewe alikitumia kwenda kuchukua barua. Huku vumbi huingia hata ndani ya yai la kuchemsha. Vumbi likiisha linakuja tope. Na yeye kaleta gari la wazi.

Dharau yake kwa mumewe haikuanza siku hiyo. Ilikuwepo tangu Sylvesta alipoanza kuvaa miwani ya jua kanisani, ikaongezeka aliponunua redio ya kubeba begani akawa anatembea nayo sokoni haina betri. Madereva wake wa matrekta walijua Kiiraqw na Kiswahili, lakini akiwa na wageni aliwaamrisha kwa Kiingereza, nao wakasimama wakisubiri wageni waondoke ili waulize alichotaka. Marsela aliyaona haya yote na kunyamaza. Nyumba ilikwenda, ngano ilivunwa, mtoto wao Inosenti alikuwa seminari anasoma. Kumdharau mtu kimyakimya hakukumpotezea muda wa kazi.

Miaka hiyo, mwanzoni mwa ile ya sabini, klabu moja ya wapenda magari wa Arusha ilikuwa ikija Karatu kila baada ya mavuno kukimbiza magari kwenye uwanja wa zamani wa ndege, katikati ya mashamba ya ngano. Hayakuwa mashindano hasa. Kila mtu aliingia kwa zamu yake, akazunguka mapipa yaliyopangwa, akatoka, kisha wote wakasimama kando wakanywa bia na kusifiana. Mwaka uliopita mmoja wao alipinduka na gari la wazi. Alivunjika shingo, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Kwa hiyo mwaka huu klabu ilitangaza kwamba gari lisilo na paa halitaingia uwanjani mpaka liwe na bomba la chuma nyuma ya viti la kukinga vichwa, mikanda, helmeti, na mtungi wa kuzimia moto.

Sylvesta alilipokea tangazo hilo kama kadi ya harusi. Alikuwa ameshawaambia watu kwamba ataingia, na kwamba mke wake atakaa naye.

"Kama ni mimi nitakayekaa," Marsela alisema, "basi twende wote dukani."

Duka lilikuwa la Abbasi, pale Karatu mjini, karibu na pampu ya mafuta. Abbasi aliuza vipuri, mafuta ya taa, misumari na sukari, na chochote ambacho hakuwa nacho alikiagiza Nairobi, maana mpaka wa Kenya ulikuwa bado wazi. Alikuwa mtu mlaini wa maneno. Ukimwambia mvua inanyesha na nje ni jua, alikuuliza kama uletewe mwavuli.

Mabomba yalikuwa mawili, ameyaegemeza ukutani. La kwanza lilikuwa refu, nene, jeusi, lina miguu miwili ya kuegemea nyuma na vibao vya kulifunga kwenye chesisi kabisa, chuma cha chini kinachobeba gari zima. Lilikuwa baya kama lango la zizi. La pili lilikuwa fupi, jembamba, limepindwa vizuri kama upinde wa kanisani na kupakwa nikeli. Hilo lilifungwa juu ya bati la bodi kwa bolti nne ndogo. Sylvesta aliinama akajitazama ndani yake, akaona meno yake.

"Hili," alisema.

"Kaa kwanza kwenye gari," Marsela alisema.

Abbasi na msaidizi wake wakalishika lile bomba mahali pake, Sylvesta akakaa kwenye usukani. Marsela akachukua fagio la mti mrefu lililokuwa mlangoni, akalilaza kutoka juu ya bomba hadi juu ya kioo cha mbele. Mti ukamgota Sylvesta juu ya sikio.

"Gari likigeuka miguu juu," alisema Marsela, "ardhi ndiyo huu mti. Kichwa chako chote kilichobaki huku juu ni cha ardhi."

"Bwana Sylvesta ni mrefu, Mungu kamjalia," Abbasi alisema. "Atainama kidogo."

"Atainama saa ngapi, Bwana Abbasi? Akiwa hewani?"

"Mama, nani kasema gari litageuka?"

"Klabu imesema. Ndiyo maana tuko hapa."

Wakalijaribu lile jeusi. Mti ulipita juu ya kichwa cha Sylvesta na nafasi ya kupitisha ngumi ikabaki. Marsela aliuondoa mti; kwake hayo yalikuwa mambo ya kuonekana kwa macho. Sylvesta alishuka, akarudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara, akalitazama gari lake likiwa na lile lango la zizi mgongoni, akakunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyoganda vibaya.

"Linaharibu umbo," alisema.

Basi likanunuliwa la nikeli. Marsela alisimama katikati ya duka lile akiwatazama wanaume wawili wakilifuta alama za vidole, akalirudisha fagio mlangoni. Hakuwa na hasira. Hasira unamwonea mtu ambaye bado unatarajia kitu kwake.

Kwenye mikanda alijaribu tena, maana alikuwa bado anafikiri ni yeye atakayekaa. Kulikuwa na mikanda ya kupita mabegani yote mawili. Akasema mikanda hiyo ni mizuri ikiwa bomba ni refu, lakini kwa bomba fupi ni hatari, kwa sababu mtu aliyefungwa mabega hawezi kujikunja. "Utakuwa umemshikilia ili avunjwe," alisema.

"Basi tuchukue ya kiunoni," Sylvesta akadakia, amefurahi. "Ile ya mabegani ingekunja koti."

Ndivyo alivyosikia. Katika maneno yote ya mkewe alichukua kile kipande kilichomfaa, mengine akayaacha kaunta.

Helmeti aliyochagua ilikuwa nyeupe yenye mstari wa dhahabu, pana, ikicheza kichwani kila alipogeuka. Marsela alichukua nyingine ya rangi ya kijivu iliyombana mashavu hadi ikamuuma, Abbasi akasema hiyo si ya kike. Mtungi wa kuzimia moto ulichaguliwa mdogo kama chupa ya chai, kwa kuwa mkubwa ungeonekana kati ya viti. Wakausokomeza chini ya siti ya dereva, mahali ambapo hata mkono wa mtoto ungepita kwa taabu.

Walipofika nyumbani Marsela alimwambia kwamba hatakaa kwenye lile gari.

"Nimeshasema kwa watu," Sylvesta alisema.

"Watu wakae."

"Unaniaibisha kwa ajili ya bomba?"

Marsela alimtazama. Walikuwa wamesimama kwenye baraza, na kutoka pale mteremko wa Endamarariek ulionekana, umevunwa, wa manjano. Kwenye mteremko ule kaka yake Bartolomeo alikuwa amefia chini ya trekta. Lilimwinukia pua akipandisha mteremko likivuta jembe, likageuka likamlalia. Sylvesta alikuwa wa kwanza kufika. Alishika mkono wa Bartolomeo mpaka ulipopoa, na usiku ule alilia kuliko mtu yeyote wa ukoo. Marsela alimpenda sana mwaka ule.

"Ulikuwepo," alimwambia. "Uliona kwa macho yako kichwa cha mtu kinavyokuwa."

Sylvesta aliutazama mteremko. Kitu kilipita usoni mwake, na Marsela akadhani labda kimemwingia.

"Trekta ni trekta," Sylvesta alisema mwishowe, akaenda kutafuta kitambaa laini cha kusugulia nikeli.

Nafasi ya Marsela ilichukuliwa na Evarista, dada mdogo wa Sylvesta, aliyefanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii kule juu ukingoni Ngorongoro. Evarista alivaa suruali na kusema "sori" hata pale ambapo hakuna aliyemkosea. Marsela hakuwa na heshima kubwa kwake pia. Alimwona ni kaka yake aliyevalishwa hereni. Aliposikia kwamba atakaa ndani ya gari jekundu mbele ya watu wa Arusha, Evarista alipiga makofi.

"Wifi, huna wivu?" aliuliza.

"Sina," Marsela alisema.

Siku yenyewe ukungu ulichelewa kuondoka kwenye msitu wa Ngorongoro. Ulipoinuka, jua likaja kali na upepo ukaanza kusukuma vumbi juu ya mabua ya ngano. Mlinzi wa uwanja alikuwa Ngoitiko, Mmaasai wa Malambo mwenye sauti ya polepole, naye alikuwa akiwafukuza mbuzi wa watu waliozoea kulala pale pale magari yalipotakiwa kupita. Magari ya Arusha yalikuwa yamepangwa mstari. Wenyewe walivaa skafu shingoni, wakapigapiga matairi kwa mguu kama wanunuzi wa ng'ombe. Marsela alipita mbele yao akawaona wote ni Sylvesta.

Mkaguzi aliyechaguliwa na klabu aliitwa Clemensi, kijana mwenye kalamu sikioni. Alifika kwenye gari jekundu, akaligonga bomba kwa kalamu, likalia ting.

"Lipo," alisema.

"Lishike ulitikise," Marsela akamwambia.

Clemensi akamtazama, kisha akamtazama Sylvesta kutaka kujua huyu ni nani. "Mama, kazi yangu ni kuona kama lipo."

"Limefungwa kwenye bati. Na kichwa chake kinalipita."

"Sheria haijataja kichwa," Clemensi alisema, akaenda kwenye gari la pili. Wanaume waliokuwa karibu wakacheka, na Sylvesta akacheka nao, kwa sauti zaidi yao.

Pale Marsela aliamua kuachana na wenye akili zao. Alichukua spana kwenye boksi la vifaa, akamwendea Evarista aliyekuwa tayari amekaa, kitambaa cha hariri kichwani.

"Shuka."

"Kwa nini, wifi?"

"Shuka."

Evarista alishuka, pengine kwa kushtushwa na ile spana. Marsela aliling'oa godoro la siti lote, akalitupa nyasini, akamwambia akae juu ya bati tupu. Evarista alipokaa alizama. Kichwa chake kikaonekana kama cha mtoto anayechungulia dirishani, chini kabisa ya mstari wa bomba.

"Sitaonekana," alisema, na machozi yalikuwa karibu.

"Utaonekana kesho."

Akamvua kile kitambaa, akamvalisha ile helmeti ya kijivu inayobana, akaufunga mkanda wake kidevuni kwa nguvu. Sylvesta alipoombwa naye akubali kutolewa godoro alisema yeye si mtoto wa kukaa chini. Marsela hakurudia.

Zamu yao ilifika. Raundi ya kwanza Sylvesta alikwenda vizuri, ni lazima isemwe, kwa maana mikono yake ilikuwa imezoea mashine. Raundi iliyofuata aliinua mkono mmoja kuwapungia watu. Kwenye pipa la mwisho, upande wa mtaro wa kutolea maji ya mvua, gurudumu la nyuma lilitoka kwenye ardhi ngumu likaingia kwenye udongo laini. Gari likaenda kiupande, polepole kwa mtu anayetazama, kisha likajikwaa na kugeuka. Watu waliona matumbo yake meusi juani. Halafu likaanguka miguu juu, limelala juu ya mtaro, na vumbi likalifunika.

Marsela alikimbia. Ngoitiko, aliyekuwa karibu zaidi, alishafika na alikuwa ameshika ukingo wa bodi. Petroli ilikuwa ikidondoka kwenye nyasi kavu. Marsela aliona mtungi wa kuzimia moto umeruka peke yake ukalala mbali, kwenye mabua, mzima kama ulivyotoka dukani. Bomba la nikeli lilikuwa limelala chini bapa. Bolti zilikuwa zimetoka na bati lake, kama vifungo vinavyotoka na kipande cha shati.

"Wanaume wako wako wapi, mama?" Ngoitiko aliuliza bila kupaza sauti.

"Wanakuja. Zimeni sigara," Marsela aliwapigia kelele waliokuwa wakija, na mmoja wao kweli alikuwa na sigara mdomoni, akasimama akiitafutia mahali pa kuiweka.

Waliliinua gari kwa mikono. Evarista alitoka kwanza, akiwa amejikunja kwenye lile shimo alilokalia bila kupenda, helmeti imepasuka ufa upande mmoja, kichwa kizima. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi, na hakusema sori.

Sylvesta walimkuta kichwa kimening'inia ndani ya mtaro. Ile helmeti pana ilikuwa imemtoka hewani ikaenda zake. Kama gari lingeanguka hatua moja kabla au baada, angelala juu ya ardhi tambarare, na Marsela angekuwa anamwita padri. Lakini pale ndipo mtaro ulipokuwa, kichwa kikapata pa kwenda. Alikuwa na tope mdomoni na mkwaruzo kidevuni. Walimketisha. Alitema tope, akageuza macho kulia na kushoto.

"Nani ameona?" aliuliza.

Marsela alikuwa amepiga magoti mbele yake, mikono imefunguka, tayari kumkumbatia kama mke yeyote angefanya. Aliposikia swali lile aliishusha mikono. Akainuka akaenda kumshikilia Evarista bega mpaka gari la kumpeleka hospitali lilipoletwa.

Ndani ya wiki ile Sylvesta alikuwa ameshapata maelezo yake. Bomba ndilo lililomwokoa. Limekunjika, ndiyo, ndivyo linavyotakiwa kufanya, linapokea kishindo. Abbasi alikuja mwenyewe kuwapa pole, akaliomba lile bomba lililopinda. Akalitundika juu ya kaunta, na kila mwenye gari la wazi aliyepita Karatu akaonyeshwa chuma kilichomwokoa Bwana Sylvesta. Aliuza mengine ya aina ile. Lile jeusi liliendelea kusimama ukutani, vikapu vya nyanya vikatundikwa juu yake.

Jumapili moja wageni walijaa sebuleni: wakulima wenzake, Clemensi mkaguzi, na wengine wawili wa klabu. Evarista alikuwa bado anakaa kwao, mkono umefungwa shingoni. Sylvesta alisimulia yote tangu mwanzo, mikono yake ikigeuka gari, ikigeuka pipa. Alipofika kwenye bomba akasema, "Mke wangu hakulitaka. Mwulizeni sasa anasemaje."

Wakamgeukia Marsela aliyekuwa akiwawekea chai.

"Aliokolewa na mtaro," Marsela alisema.

Wakacheka sana. Clemensi alijipiga paja. Walidhani ni utani wa wanandoa, na Sylvesta akacheka nao huku akimwangalia kwa jicho lililomwomba aishie hapo.

Sauti ya Evarista ikatoka mlangoni mwa jikoni. "Ni kweli, kaka. Mimi nilikuwa macho." Aliingia akasimama katikati yao, akauonyesha ule mkono. "Huu mfupa haukuvunjwa na ardhi. Umevunjwa na bomba lako. Liling'oka likanishukia. Wifi asingeninyang'anya lile godoro, bomba lingeshukia shingo. Na wewe ulikuwa unalia mle ndani, ulikuwa unamwita Mama Inosenti. Kulia si kosa. Kosa ni haya unayosema."

Wageni wakaweka vikombe chini. Mmoja akakumbuka kwamba ana safari ya Arusha, wengine wakakumbuka pamoja naye. Vikombe vilibaki na chai.

Marsela alivikusanya. Kwa miaka yote aliyomjua yule binti alikuwa amemweka fungu moja na kaka yake, na hakuwahi kumwangalia vizuri. Alimwachia sehemu kwenye benchi la jikoni, Evarista akakaa, wakaosha vyombo, mmoja kwa mikono miwili na mwingine kwa mmoja. Sylvesta alibaki sebuleni peke yake.

Mwaka uliofuata gari lilinyooshwa na kupakwa rangi upya. Marsela alidhani, kwa siku chache, kwamba mumewe atalinunua lile bomba jeusi. Alimwona akisimama dukani akilitazama, mkono umeshika vikapu vya nyanya. Lakini kulinunua kungekuwa kukiri mbele ya Abbasi, mbele ya Clemensi na watu wote wa Karatu, naye hakuweza. Akanunua la nikeli jingine. Akatafuta mtu wa kukaa naye. Evarista alikataa. Clemensi alisema mkaguzi haruhusiwi. Madereva wake wa matrekta, alipowaambia, safari hii kwa Kiswahili, walitazamana wakasema wana kazi. Akaenda uwanjani siti ya pili ikiwa tupu.

Siku hiyo Marsela na Evarista walikuwa uani wakishona midomo ya magunia ya ngano. Kutoka kule uwanjani mlio wa injini ulikuja na upepo, ukapanda, ukashuka. Kila ulipokatika Evarista aliinua kichwa.

"Shona," Marsela alimwambia.

Mlio ukarudi. Baadaye ukanyamaza kabisa, na alasiri gari jekundu likaingia uani. Sylvesta alishuka mzima, mwekundu wa vumbi, helmeti yake kwapani. Akasimama pale karibu na magunia, akisubiri kuulizwa ilikuwaje. Evarista alikata uzi kwa meno. Marsela alichukua gunia lingine, akalikunja mdomo, akachoma sindano.

"Chakula kiko jikoni," alisema.